Staa Akitangaza Sarafu, Nani Aulizwe?

Oktoba 2022, habari kwamba staa wa televisheni Kim Kardashian amekubali kulipa dola milioni 1.26 kwa SEC, tume inayosimamia masoko ya dhamana Marekani, zilienea kwa saa chache tu. Zikazuka tafsiri mbili. Ya kwanza ilisema ameuza sarafu feki na sasa kakamatwa. Ya pili ilisema Marekani imewapiga marufuku mastaa kutangaza kripto. Zote mbili zilikosea, na kila shauri jipya la aina hii linaamsha maswali yaleyale, Dar es Salaam na Nairobi sawasawa na New York. Je, mtu mashuhuri anaruhusiwa kutangaza sarafu ya kidijitali? Watu wakipoteza fedha zao, anadaiwa? Na mamlaka za fedha, ambazo hazichoki kutoa tahadhari, zina uwezo gani hasa wa kufanya lolote?

Kosa lililoadhibiwa

Juni 2021 Kardashian aliwaandikia wafuasi wake wa Instagram, waliozidi milioni 200, kuhusu tokeni za EthereumMax, akawawekea kiungo cha tovuti yenye maelekezo ya kununua. Kwa chapisho hilo alilipwa dola 250,000. Lilikuwa na alama ya kuonyesha kwamba ni tangazo, kwa hiyo huwezi kusema aliwaficha watu kwamba yuko kazini. Kosa lake lilikuwa dogo zaidi na la kiufundi zaidi: Sheria ya Dhamana ya mwaka 1933, kifungu cha 17(b), inamtaka yeyote anayelipwa kuipigia debe dhamana aseme kalipwa na kiasi gani. Kiasi hakukitaja. Akamaliza shauri bila kukiri wala kukana, akalipa faini ya dola milioni moja, akarejesha malipo yake pamoja na riba, na akaahidi kukaa miaka mitatu bila kutangaza dhamana za kripto.

Hakutuhumiwa kudanganya kuhusu sarafu yenyewe. SEC haikuhitaji hata kuthibitisha kwamba EthereumMax ni mradi mbaya. Ilihitaji kuthibitisha mambo mawili tu, kwamba tokeni ile ni dhamana kisheria na kwamba malipo hayakuwekwa wazi.

Sheria hiyo ilitungwa baada ya soko la hisa la Marekani kuanguka mwaka 1929, zama ambazo sifa za hisa zilinunuliwa chinichini na kuchapishwa magazetini kama habari. Msomaji wa wakati ule alidhani anasoma maoni ya mtu asiye na maslahi, kwa hiyo kumwambia kwamba mwandishi kalipwa kulibadilisha kila kitu. Shabiki wa leo anajua kwamba staa hafungui mdomo bure, na bado ananunua. Dawa ya 1933 ilitengenezwa kwa ugonjwa ambao mgonjwa huyu hana.

Kwa nini sarafu haiwezi kuishi bila umaarufu

Sabuni ikitangazwa na msanii inabaki sabuni. Ama inatakatisha ama haitakatishi, na tangazo halibadilishi povu lake. Tokeni mpya haiko hivyo. Hisa ina kampuni nyuma yake, na kampuni ina faida au hasara. Hatifungani ina riba na tarehe ya kulipwa. Tokeni nyingi mpya hazina mapato, hazina mali, hazina mdaiwa, na bei yake ni kile tu ambacho mnunuzi anayefuata yuko tayari kutoa. Kinachomleta mnunuzi anayefuata ni kusikia jina. Hapo staa anakuwa sehemu ya mtambo unaotengeneza bei yenyewe, na anayemlipa ananunua ongezeko la bei.

Kutokana na hilo kuna tatizo la mpangilio ambalo hakuna tahadhari inayoweza kuliondoa. Waanzilishi na marafiki zao hupata tokeni mapema, kwa bei ya chini au bure. Shabiki husikia kupitia tangazo, yaani anafika mwisho. Fedha anayoleta ndiyo inayowawezesha wa mwanzo kuuza. Hata pale ambapo hakuna uongo hata mmoja uliosemwa, foleni imepangwa hivyo.

Udhamini huu umepitia hatua tatu. Mwaka 2017, wakati wa wimbi la mauzo ya awali ya tokeni, staa alikuwa mdomo wa kukodi. Bondia Floyd Mayweather alilipwa dola 100,000 kuitangaza Centra Tech, na mwanamuziki DJ Khaled dola 50,000. Centra ilikusanya zaidi ya dola milioni 25 kwa kudai ina kadi ya malipo inayotumia mitandao ya Visa na Mastercard, ushirikiano ambao haukuwepo, huku mkurugenzi mtendaji aliyeonyeshwa kwenye tovuti akiwa mtu wa kubuni. SEC ilikuwa imetoa onyo kuhusu udhamini wa mastaa Novemba 2017, na mwaka mmoja baadaye ikawafikia wote wawili.

Mwaka 2021 na 2022 zamu ilikuwa ya masoko ya kripto, kampuni zenye fedha za kutosha kununua sura za Hollywood na majina ya viwanja. Crypto.com ilimchukua mwigizaji Matt Damon na kulibandika jina lake kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa Los Angeles. FTX ilimchukua mchezaji wa mpira wa Kimarekani Tom Brady, na kwenye fainali ya Super Bowl ya Februari 2022 ikamwonyesha mchekeshaji Larry David akiikataa FTX kwa dharau, ili watazamaji wamcheke kwa kupitwa na wakati. Novemba 11 mwaka huohuo FTX iliomba kufilisika, na Machi 2024 mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa miaka 25 jela kwa utapeli. Katika waigizaji wote wa matangazo ya mwaka ule, aliyelipwa kusema “sitaki” ndiye aliyesema la maana.

Hatua ya tatu, iliyoshika kasi mwaka 2024, imemfanya staa kuwa mwenye duka. Anatoa sarafu kwa jina lake mwenyewe, sarafu ya mzaha isiyodai kuwa na kazi yoyote. Hapo swali la “kalipwa na nani” linakosa mtu wa kuulizwa, kwa kuwa mlipaji na mlipwaji ni mmoja.

Msimamo wa kwanza: mnunuzi afungue macho

Wapo wanaosema sheria haina kazi hapa. Mtu mzima anayeweka fedha kwa sababu mcheza ndondi kamwambia aweke, aubebe mzigo wake. Hoja hii si ya kubezwa, na mahakama zimeipa uzito. Desemba 2022 jaji wa shirikisho huko California aliitupa, kwa hatua ile, kesi ya madai dhidi ya Kardashian na Mayweather kuhusu EthereumMax. Alikubali kwamba mastaa wana uwezo mkubwa wa kushawishi, lakini akaeleza kwamba sheria inamtarajia mwekezaji kutumia busara. Baadaye baadhi ya madai yaliyorekebishwa yaliruhusiwa kuendelea. Mwaka 2025 jaji wa Miami naye alitupilia mbali sehemu kubwa ya madai dhidi ya mastaa wa FTX, kwa kuwa walalamikaji hawakuonyesha vya kutosha kwamba watu hao walijua kuna wizi. Brady mwenyewe alilipwa kwa kiasi kikubwa kwa hisa za FTX, zilizogeuka kuwa karatasi tupu. Ni vigumu kumwita mshiriki wa njama mtu aliyeibiwa ndani ya njama hiyo.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unaweka lawama pale wizi ulipofanyika. Staa si mkaguzi wa hesabu. Kama wawekezaji wakubwa wenye wanasheria na wahasibu walishindwa kuona shimo la FTX, mchezaji wa mpira angelionaje?

Udhaifu wake uko kwenye neno “busara”. Ili mnunuzi ajiangalie lazima awe na cha kuangalia: ripoti ya fedha, majina ya wakurugenzi, ofisi. Mwenyekiti wa wakati huo wa FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, Charles Randell, aliutumia mfano wa Kardashian katika hotuba yake ya Septemba 2021, akisema huenda tangazo lile lilikuwa na hadhira kubwa kuliko tangazo lolote la kifedha katika historia. Tokeni yenyewe ilikuwa imeundwa mwezi mmoja kabla na watu wasiojulikana. Busara ya aina gani ingemfikisha mnunuzi kwenye hesabu za watu wasio na majina? Msimamo huu pia unachukulia kwamba hasara ni ya mtu mmoja mmoja, kana kwamba fedha za ada na mtaji wa duka zikipotea, hakuna wa tatu anayeumia.

Msimamo wa pili: aseme alicholipwa

Hii ndiyo njia ambayo Marekani iliitegemea kwa miaka mingi. Uzuri wake ni wepesi wa kuthibitisha. Huhitaji kuingia kichwani mwa staa kujua alijua nini. Unaangalia chapisho, unaangalia muamala wa benki, basi. Kwa njia hiyo SEC iliwafikia mwigizaji Steven Seagal mwaka 2020, mchezaji wa zamani wa NBA Paul Pierce Februari 2023, na mwezi uliofuata kundi la watu wanane wakiwemo mwigizaji Lindsay Lohan na mwanamuziki Akon, katika shauri lililomlenga mfanyabiashara Justin Sun. Walio wengi wakamaliza kwa kulipa.

Kuna sababu nyingine, isiyosemwa sana, ya njia hii kupendwa na mamlaka. Watoaji wa tokeni huishi kwingine, hutumia majina ya bandia na hufunga tovuti usiku. Staa ana anwani, ana mawakili, ana jina la kulinda, na picha yake inahakikisha habari itasomwa. Anafikika. Faini yake inafanya kazi ya onyo kwa umma kuliko taarifa kumi kwa vyombo vya habari. Lakini kumkamata anayefikika si sawa na kumkamata aliyehusika zaidi, na mamlaka inayopimwa kwa vichwa vya habari inaweza kuyasahau hayo.

Njia hii ina mashimo matatu. Faini huwa ndogo ukilinganisha na mapato ya mhusika, kiasi kwamba inaweza kuhesabiwa kama gharama za biashara. Pili, haisaidii kabisa pale staa hakusema lolote. Julai 2020 wadukuzi waliziteka akaunti za Twitter za Barack Obama, Bill Gates na Elon Musk, wakaomba bitcoin, na kwa saa chache wakapata zaidi ya dola 100,000. Uingereza, mwandishi wa masuala ya fedha Martin Lewis ilibidi aishtaki Facebook mwaka 2018 kwa matangazo ya uongo yaliyotumia uso wake, mengine yakiwa ya kripto; walimaliza Januari 2019 kwa kampuni hiyo kukubali kutoa pauni milioni tatu kwa mradi wa kupambana na utapeli. Leo video bandia yenye sauti ya mtu inatengenezwa kwa simu.

Shimo la tatu ndilo kubwa zaidi: kifungu cha 17(b) kinahusu dhamana tu. Tokeni isipokuwa dhamana, wajibu wa kutaja malipo chini ya kifungu hicho unaondoka. Februari 27, 2025, maofisa wa SEC walitoa tamko kwamba sarafu za mzaha, kwa kawaida, si dhamana. Sheria za kupinga utapeli zilibaki, lakini chombo kilichotumika kwa Kardashian hakigusi tena aina ya sarafu ambayo mastaa wanaipenda zaidi.

Rais anapokuwa staa

Tamko hilo lilikuja wiki sita hivi baada ya Donald Trump kutangaza sarafu yenye jina lake, Januari 17, 2025, siku tatu kabla ya kuapishwa. Asilimia 80 ya tokeni zilikuwa mikononi mwa kampuni zenye uhusiano naye. Februari 14, Rais Javier Milei wa Argentina aliandika kwenye X akiisifu sarafu iitwayo LIBRA; thamani yake ya soko ikapita dola bilioni nne, kisha ikaporomoka ndani ya saa chache, naye akafuta andiko lake. Mwezi huohuo Faustin-Archange Touadéra wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi iliyokuwa imeifanya bitcoin kuwa fedha halali mwaka 2022, akazindua sarafu ya mzaha yenye jina la nchi.

Mjadala wote wa udhamini huchukulia kwamba mamlaka ya fedha inasimama juu ya mtangazaji. Katika mifano hii mtangazaji ndiye mkuu wa nchi ambayo mamlaka hiyo inaitumikia, na huko Marekani ndiye anayemteua mwenyekiti wa mamlaka hiyo. Hakuna kanuni ya matangazo iliyoandikwa kwa hali hiyo.

Msimamo wa tatu: tangazo lizuiwe mlangoni

Ulaya na Asia zimechukua njia nyingine. Badala ya kungoja tangazo litoke ndipo waulize malipo, wanaliwekea masharti kabla halijatoka, bila kujali kama sarafu ni dhamana au la.

Kanuni za Hispania zilianza kutumika Februari 2022. Kampeni yoyote ya kripto inayolenga zaidi ya watu 100,000 lazima ipelekwe kwa mamlaka ya soko, CNMV, siku kumi kabla, na lazima iwe na onyo la hatari. Miezi michache kabla, mwanasoka Andrés Iniesta alikuwa amelisifu soko la kripto la Binance mtandaoni, na CNMV ikamjibu hadharani kwamba asome vizuri kabla ya kuwekeza au kuwashauri wengine. Singapore, Januari 2022, ilikwenda mbali zaidi kwa kuzitaka kampuni zisitangaze huduma za kripto kwa umma kabisa, wala kupitia watu wenye ushawishi mitandaoni. Uingereza ilifuata Oktoba 8, 2023: tangazo liidhinishwe na kampuni yenye kibali, liwe na onyo kwamba unaweza kupoteza kila kitu, bonasi za kumleta rafiki zipigwe marufuku, na mnunuzi mpya asubiri saa 24 kabla ya kukamilisha. Kukiuka kunaweza kumpeleka mtu jela miaka miwili. Dubai, ambako kampuni nyingi za kripto zimeweka ofisi, ina mamlaka maalumu, VARA, yenye kanuni zake za matangazo.

Saa 24 za Uingereza zinaonekana jambo dogo, na kwa maoni yangu ndizo hatua yenye akili zaidi katika orodha yote. Tangazo la staa linafanya kazi kwa haraka: nunua sasa, zinaisha. Mayweather aliwaambia wafuasi wake karibu maneno hayo kuhusu Centra. Ukiondoa haraka, umeondoa nusu ya nguvu ya jina, na hujamnyima mtu haki ya kununua.

Gharama ya njia hii ni kwamba inawabana wanaotii. Siku ya kwanza ya kanuni mpya FCA ilitoa tahadhari 146 dhidi ya kampuni zilizokuwa zikitangaza bila idhini, nyingi zikiwa nje ya Uingereza, mahali ambapo barua ya FCA ni karatasi. Kampuni yenye ofisi London inaajiri wanasheria. Isiyo na ofisi popote inaendelea na video zake. Kuna hatari pia kwamba idhini yenyewe igeuke tangazo. Mei 2023 kamati ya fedha ya bunge la Uingereza ilipendekeza biashara ya rejareja ya sarafu zisizo na mali nyuma yake isimamiwe kama kamari, ikihofia kwamba kuisimamia kama huduma ya fedha kutawapa watu imani isiyostahili. Serikali ilikataa. Hofu ya kamati ilikuwa ya kweli, lakini dawa yake ina walakini ambao sisi tunaweza kuueleza vizuri: mahali ambapo matangazo ya kubeti yako kwenye redio, jezi na vibanda, kuiita kripto kamari hakumzuii kijana.

Huku kwetu: onyo, kodi na ukimya

Afrika Mashariki haikungoja kripto ili ijue nguvu ya jina la mtu. Mwaka 2009 Tanzania ilitikiswa na DECI, upatu uliosambaa kupitia makanisa ya kipentekoste, ambamo waumini “walipanda mbegu” wakingoja kuvuna. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na hilo ndilo lililoufanya uaminike. Uganda, sarafu ya uongo ya OneCoin ilipita njia ileile ya semina na ibada, ingawa Benki Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imetoa tahadhari Februari 2017. Miezi minane baadaye mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka, na waendesha mashtaka wa Marekani wanakadiria hasara ya zaidi ya dola bilioni nne duniani. Mwishoni mwa 2019 Dunamiscoins ikafunga ofisi Kampala na kuacha maelfu wakidai. Anayeshawishi huku mara nyingi ni mtu anayejulikana mtaani, kanisani au kwenye kundi la WhatsApp, na ndiyo maana kanuni kama ya Hispania, inayohesabu watu 100,000, isingemgusa.

Majina makubwa nayo yamefika. Akon, yuleyule wa shauri la Justin Sun, alikuwa na sarafu yake, Akoin, ambayo mwaka 2020 ilitangazwa kuanza kujaribiwa katika mji wa Mwale, magharibi mwa Kenya. Akon City, mji aliouahidi nchini Senegal ambako sarafu hiyo ingetumika, haukujengwa, na mwaka 2025 serikali ya Senegal ilikiri kwamba mradi umeachwa.

Mamlaka zetu zilichagua kuonya. Benki Kuu ya Kenya ilifanya hivyo Desemba 2015 na kuzitaka benki zisijihusishe. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tamko Novemba 2019 kwamba fedha halali nchini ni shilingi pekee na biashara ya sarafu za mtandaoni haitambuliwi. Kisha Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka Benki Kuu ijiandae kwa teknolojia hiyo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilikuwa imeweka kodi kama hiyo mwaka 2023, ikaiondoa 2025 na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma.

Mwananchi anasoma haya kwa mfuatano: imekatazwa, imesifiwa, imetozwa kodi. Anahitimisha kwamba kinachotozwa kodi ni halali, na kilicho halali ni salama. Hitimisho la pili si sahihi hata kidogo, ila nani amemweleza? Hapa serikali yenyewe inakuwa mdhamini bila kukusudia, na uzito wa jina lake unazidi wa msanii yeyote. Dalali wa mtaani anahitaji sentensi moja tu kuhusu mamlaka ya mapato: “Hata TRA wanaitambua.”

Ukimya huo wa mamlaka za fedha umeacha vyombo vingine vifanye kazi. Viongozi wa DECI walitiwa hatiani mwaka 2013 kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni, na hakuna aliyelazimika kwanza kubishana kama “mbegu” ni dhamana. Worldcoin, sarafu iliyowapanga Wakenya foleni kwenye ukumbi wa KICC, Nairobi, mwaka 2023 watoe data za miili yao kwa tokeni za thamani ya Sh 7,000 hivi za Kenya, ilisimamishwa na Wizara ya Usalama wa Ndani, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za miili ya watu zifutwe. Sheria iliyouma ilikuwa ya ulinzi wa data. Mashauri yote mawili yalifanikiwa kwa kuangalia kitendo na kuacha jina la bidhaa, na hapo nadhani tuna somo ambalo Marekani, iliyokwama kwa miaka kwenye swali la nini ni dhamana, ingelihitaji.

Mizani

Kumwachia mnunuzi kila kitu kunatosha pale tu taarifa zipo, na kwenye tokeni mpya hazipo. Kutaja malipo ni rahisi na kunafaa kubaki, lakini kiasi alicholipwa staa si taarifa ambayo mnunuzi anaihitaji zaidi. Anahitaji kujua kama mtangazaji anamiliki sarafu hiyo, ngapi, na lini yuko huru kuziuza. Hayo yanaweza kukaguliwa, kwa kuwa miamala ya kripto nyingi iko kwenye daftari lililo wazi kwa umma. Mtu aliyelipwa ada tu abebe wajibu wa kusema. Aliyelipwa kwa tokeni, au anayegawana mauzo, achukuliwe kuwa muuzaji na awajibike kama muuzaji. Mpaka huo unamwacha huru mwigizaji aliyesoma maneno ya tangazo, na unamnasa anayewauzia mashabiki wake akiba yake mwenyewe. Unazimudu pia sarafu za mzaha, ambazo sheria ya dhamana imeziacha.

Kwa nchi zetu kuna lango ambalo Uingereza haina. Fedha nyingi za mnunuzi mdogo hupita kwenye simu kabla ya kufika popote. Kungoja kwa saa 24 kwa muamala wa kwanza kwenda kwa mtoa huduma wa kripto kunaweza kuwekwa hapo. Bei yake ieleweke, hata hivyo. Benki za Kenya zilipotakiwa zisijihusishe mwaka 2015 watu hawakuacha. Walihamia kubadilishana wao kwa wao, ambako anayekutapeli humjui na mtoa huduma wa simu anaona tu kwamba mtu kamtumia mtu. Lango likibanwa mno litapitwa pembeni.

Kenya sasa ina sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, iliyosainiwa Oktoba 2025, inayogawa usimamizi kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Leseni zikitolewa, maneno “tumesajiliwa na Benki Kuu” yatakuwa kwenye kila tangazo, na hakuna msanii atakayeyazidi kwa ushawishi. Kwa hiyo mamlaka zitalazimika kuandika katika leseni zenyewe namna zinavyoruhusiwa kutajwa kwenye matangazo, na kueleza waziwazi kati yao ni ipi inayopokea malalamiko ya mtu aliyenunua sarafu kwa sababu ya video ya msanii, akalipa kwa simu, na sasa anataka kujua fedha yake iko wapi.